Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kazi ya Kujitolea Mtaani hadi Bunge la Jimbo

Tuliwaomba wasomaji wetu walioko ughaibuni watuandikie kuhusu wahamiaji na uongozi wa kuchaguliwa, na barua nyingi zaidi zimetoka Marekani. Tumechagua tatu, tukazifupisha na kuondoa majina ya walioziandika. Ili tuelewane, humu neno jimbo lina maana ya mojawapo ya majimbo 50 ya Marekani, wala si eneo la mbunge kama lilivyozoeleka Tanzania.

*Ndugu Mhariri, nilizaliwa Kivu ya Kusini, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa ninaishi Manchester, New Hampshire, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijitolea kuwatafsiria wazazi wenzangu shuleni na hospitalini, na mwaka jana nilipata uraia. Majirani wawili, wote wazaliwa wa hapa, wameniambia nigombee ubunge wa jimbo. Mume wangu anasema ubunge ni wa wenye fedha na wa waliozaliwa hapa. Je, mtu kama mimi anaruhusiwa? Na kama anaruhusiwa, hupitia njia gani? – Mama wa watoto watatu, Manchester*

Mama, unaruhusiwa. Katiba ya Marekani inamtaka rais na makamu wake peke yao wawe raia wa kuzaliwa. Aliyepata uraia kwa kuomba anaweza kuingia hata katika Baraza la Wawakilishi la taifa baada ya kuwa raia kwa miaka 7, na katika Seneti baada ya miaka 9. Kila jimbo hujiwekea masharti yake kwa bunge lake, na ya New Hampshire ni mepesi: uwe umetimiza miaka 18, uwe umeishi katika jimbo hilo kwa miaka 2, na siku ya uchaguzi uwe mkazi wa eneo unaloliwakilisha.

Kuhusu fedha, mume wako hakukosea kabisa, ingawa tatizo lenyewe linakaa mahali pengine. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina wabunge 400 kwa jimbo lenye watu takribani milioni 1.4, maana yake kila mbunge anawakilisha watu wapatao 3,500 tu, idadi ambayo mtu mwenye bidii anaweza kuimaliza kwa miguu akipiga hodi mlango kwa mlango. Kampeni ya namna hiyo haihitaji utajiri. Kinachohitaji uwezo ni kukaa bungeni baada ya kushinda, kwa sababu tangu mwaka 1889 katiba ya jimbo imemwekea mbunge malipo ya dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka miwili, yaani dola 100 kwa mwaka, pamoja na nauli. Vikao hufanyika mchana katika siku za kazi. Mimi naona utaratibu huu unawaonea watu wanaoishi kwa mshahara wa saa, na ndio unaojaza bunge wastaafu na watu wenye biashara zao, lakini ndio uliopo. Kwa hiyo kabla hamjazungumza lolote kuhusu mabango, kaeni mezani ninyi wawili mhesabu ni zamu zipi za kazi zitakazoguswa, na ni nani atakayewapokea watoto wakitoka shule.

Sasa nikupe mfano kutoka katika jimbo lako mwenyewe, tena kutoka Concord, mji mkuu, ambao si mbali na kwako. Safiya Wazir alizaliwa Afghanistan mwaka 1991. Familia yake ikakimbilia Uzbekistan, na mwaka 2007 ikapokelewa New Hampshire, yeye akiwa msichana ambaye Kiingereza hakikuwa kimemkaa. Akajifunza, akamaliza sekondari, akapata uraia mwaka 2013, akaolewa, akazaa. Mtoto wake alipoingia katika Head Start, mpango wa elimu ya awali, yeye akaingia katika baraza la wazazi la mpango huo, na baadaye katika bodi ya taasisi inayouendesha katika wilaya zake. Mwaka 2018, akiwa na miaka 27 na akiwa mjamzito, aligombea uteuzi wa chama cha Democratic katika eneo lake la Concord. Aliyekuwa amekishika kiti hicho alikuwa mwanachama mwenzake wa vipindi vinne, ambaye hakuficha manung’uniko yake kuhusu wahamiaji. Safiya akamshinda katika kura za mchujo mwezi Septemba, na Novemba akawa mkimbizi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la New Hampshire. Kura zilizompa ushindi huo wa mchujo hazikufika 400. Waafghani wa Concord peke yao hawakuweza kumpa hata hizo. Alizipata kwa kwenda kugonga milango ya watu wengine.

Ninataka tukae kidogo hapo kwenye baraza la wazazi, kwa sababu wasomaji wengi wana watoto katika Head Start na hawajui wamekalia nini. Huu ni mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya elimu ya awali, lishe na afya ya watoto wa familia zenye kipato kidogo. Sheria yake inataka kila taasisi inayouendesha iwe na baraza la sera, ndilo ninaloliita baraza la wazazi, na inataka wengi wa wajumbe wa baraza hilo wawe wazazi wa watoto walioandikishwa wakati huo, waliochaguliwa na wazazi wenzao. Baraza hupitia bajeti, huidhinisha taratibu za kuajiri na kuachisha kazi, na hushiriki kupanga watoto gani wapewe nafasi kwanza. Mzazi hadaiwi uraia ili ajiunge. Maana yake ni kwamba mama aliyefika juzi kutoka Nyarugusu au Kakuma anaweza, ndani ya mwaka mmoja, kuomba kura kwa watu wasio wa kabila lake, kuisoma bajeti ya fedha za umma safu kwa safu, kupinga hoja mbele ya wakurugenzi wenye shahada, kushindwa kwa hoja, na kurudi mwezi unaofuata. Sijui shule ya ubunge iliyo bora kuliko hiyo, na inanisikitisha kwamba viti vile mara nyingi hukaa wazi kwa sababu wazazi wetu hudhani ni vya wenyeji.

Kwa hiyo, kuhusu ukalimani wako, heshima ambayo kazi hiyo imekupa ni ya kweli, lakini bado haijawa kura. Mkalimani mzuri husema maneno ya mwingine, naye hujificha nyuma yake. Mbunge hutakiwa aseme neno lake mwenyewe na alijibie. Daraja kati ya hayo mawili ni kikao ambacho wewe unapiga kura na kura yako inaandikwa kwenye kumbukumbu, kama vile baraza la wazazi, kamati ya shule, bodi ya makazi au tume ya mji. Deqa Dhalac, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii na mkalimani huko Maine. Mwaka 2018 akachaguliwa kuwa diwani wa South Portland, mji ambao wakazi wake wengi ni weupe. Desemba 2021 madiwani wenzake wakamfanya meya, na Novemba 2022 wapiga kura wakampeleka katika bunge la jimbo. Miaka ile ya udiwani haikumchelewesha. Ndiyo iliyowafanya watu wasiomjua wamwone akiamua mambo ya barabara, nyumba na kodi.

Njia nyingine ni kufanya kazi katika kampeni ya mtu mwingine kabla ya yako. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991 na kuhamia New York akiwa na miaka saba, alikuwa mshauri wa makazi mtaani Queens, akiwasaidia wenye nyumba wa kipato kidogo wasinyang’anywe nyumba zao kwa madeni ya benki. Alipata uraia mwaka 2018. Kati ya 2017 na 2019 alizitumikia kampeni za wagombea watatu, na wote watatu walishindwa. Mwaka 2020 akagombea mwenyewe bunge la jimbo la New York kupitia eneo la Astoria, akamwondoa katika mchujo mbunge wa vipindi vitano, na miaka mitano baadaye akachaguliwa meya wa jiji zima. Kule katika kampeni zilizoshindwa ndiko mtu hujifunza orodha ya wapiga kura inavyosomwa, fomu zinavyojazwa, na kwa nini karatasi iliyoachwa mlangoni haiwezi kufanya kazi ya uso wa mtu aliyepiga hodi na kusubiri.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulishike kwa mikono miwili, Mama. Kwa kuwa umewatafsiria watu hospitalini na shuleni, unazijua siri zao: magonjwa, kesi, madeni, mtoto aliyefukuzwa shule. Namba zao za simu umezipata kwa sababu ya kazi hiyo. Usizitumie katika kampeni, hata moja. Omba orodha ya wapiga kura kama wagombea wote, na anayekufahamu kwa ukalimani mwache aje mwenyewe. Kwa kiti gani uanze? Nakushauri utafute mwaka huu nafasi katika kamati ya shule au bodi ya mji, na uchaguzi ujao ujitolee katika kampeni ya mgombea unayemwamini. Wabunge wote 400 huchaguliwa upya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa hiyo nafasi haitakwisha. Lakini usisubiri mtu wa chama aje kukualika. Majirani wawili wameshakualika.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa chama cha Waafrika Mashariki hapa Columbus, Ohio. Tumesaidiana katika misiba, tumefungua madarasa ya Kiingereza, tumewasindikiza watu mahakamani. Wanachama wanasema ni zamu yetu kuwa na mtu bungeni, na wanataka mimi nigombee, chama kichangishe harambee na ndugu walioko Nairobi na Dar es Salaam nao wachangie. Swali langu ni jinsi ya kuhakikisha watu wetu wote wanapiga kura upande mmoja. – Mwenyekiti, Columbus*

Ndugu Mwenyekiti, naanza na harambee, maana hapo pana hatari ya kisheria ambayo ingekumaliza kabla hujaanza. Sheria ya serikali kuu inamkataza mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani kuchangia fedha katika uchaguzi wowote nchini humo, uwe wa taifa, wa jimbo au wa mji. Shangazi yako Nairobi hawezi kukutumia hata dola kumi kwa ajili ya kampeni, na wewe huwezi kuziomba wala kuzipokea, hata zikipitia simu ya binamu aliyeko Columbus. Mwenye grini kadi, yaani mkazi wa kudumu, hakatazwi na sheria hiyo ya serikali kuu kuchangia fedha zake mwenyewe, lakini Ohio ilitunga mwaka 2024 sheria yake inayomkataza hata yeye. Asiye nayo anaweza kujitolea bila malipo, kwa mfano kupiga simu au kubandika mabango, ila asishiriki katika maamuzi ya matumizi ya fedha za kampeni.

Chama nacho kikae mbali. Ikiwa kimesajiliwa kama asasi ya hisani isiyolipa kodi, na vyama vyetu vingi vimesajiliwa hivyo, sheria iliyopo tangu mwaka 1954 inakikataza kumuunga mkono au kumpinga mgombea yeyote. Hakiwezi kukupa fedha, ukumbi wa bure, barua pepe za wanachama wala tangazo katika mkutano wake. Kinachoruhusiwa ni kuwahimiza watu wajiandikishe na kupiga kura bila kuwaambia wampe nani, au kuwaalika wagombea wote kwenye mdahalo. Ukiamua kugombea, jiuzulu uenyekiti, kisha fungua akaunti ya kampeni iliyo peke yake. Kuchanganya hivi viwili kunaweza kukiua chama kilichojengwa kwa michango ya misiba, na hilo lingekuwa dhuluma kwa wajane waliokitegemea.

Kuhusu watu wetu kupiga kura upande mmoja, sikubaliani na swali lenyewe. Kwanza, hamtoshi. Eneo la mbunge wa jimbo la Ohio lina watu zaidi ya laki moja, na raia wanaopiga kura kutoka Afrika Mashariki ni sehemu ndogo ya idadi hiyo. Pili, watu wetu hawakubaliani wao kwa wao, nao wana haki hiyo. Tazama Minneapolis, mji wenye Wasomali wengi kuliko mji mwingine wowote wa Marekani. Mohamud Noor, aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la jumuiya ya Wasomali wa Minnesota, aligombea mchujo wa useneta wa jimbo mwaka 2011 akashindwa. Mwaka 2014 aligombea ubunge katika eneo la 60B dhidi ya Phyllis Kahn, aliyekuwa bungeni tangu 1973, akashindwa tena. Mwaka 2016 alirudi, na safari hiyo akakuta Msomali mwenzake, Ilhan Omar, naye anagombea kiti hicho hicho. Omar, aliyekuwa amefanya kazi ya kuelimisha familia kuhusu lishe na baadaye kuwa msaidizi wa diwani wa jiji, aliunganisha Wasomali wa mtaa wa Cedar-Riverside na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota kilichomo ndani ya eneo hilo, akawashinda wote wawili. Omar alipogombea Congress, yaani bunge la taifa, mwaka 2018, Noor aligombea kiti kilichoachwa wazi, na hatimaye akakipata.

Ninayasoma matokeo hayo hivi: uongozi wa jumuiya ulimpa Noor jina, lakini haukumpa kiti mara tatu mfululizo. Kilichomfikisha ni kutokukimbia baada ya kushindwa, na kuendelea na utumishi katika miaka ya katikati. Hapo kwenu Columbus, Ismail Mohamed na Munira Abdullahi walichaguliwa mwaka 2022, wakawa Wamarekani wa kwanza wenye asili ya Somalia katika bunge la Ohio. Nenda kahudhurie vikao vya hadhara vya mbunge wa eneo lako, usikilize maswali anayoulizwa. Yatakuwa ya kodi ya nyumba, bima ya afya, mabasi na fedha za shule, na anayeuliza mara nyingi atakuwa Mmarekani mzaliwa ambaye hajawahi kukisikia chama chenu. Kama huna jibu la kumpa mtu huyo, bado huna sababu ya kugombea, na madarasa yenu ya Kiingereza, ambayo nayathamini sana, yanaweza kufunguliwa kwake na jirani zake ili mfahamiane.

*Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania, nina grini kadi kwa miaka sita na ninafanya kazi ya kuwatunza wazee. Nimeingia katika kamati mbili za mji na naombwa nifikirie uongozi wa juu zaidi. Lakini nikichukua uraia wa hapa nitapoteza wa kwetu, na baba yangu anaona hilo kama kuikana nchi. Je, hakuna njia ya kugombea bila uraia? – Binti wa Tanga, Massachusetts*

Binti yangu, kwa bunge la jimbo hakuna njia hiyo, na ninaelewa uzito wa unachoulizwa. Sheria ya uraia ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya tangu katiba ya 2010, na Mganda tangu marekebisho ya 2009, wanaweza kubaki na uraia wa kwao. Mkongomani yuko katika hali kama yako, kwa kuwa katiba ya nchi yake inataka uraia wake uwe mmoja tu. Kwa Watanzania wa ughaibuni, Bunge limekwisha kupitisha marekebisho yanayotambua hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, jambo linalogusa ukaazi na ardhi. Haikurudishii pasipoti wala kura. Maoni yangu ni kwamba Tanzania inajinyima watu wake kwa sheria hii, na natamani ibadilike, lakini siwezi kukushauri upange maisha kwa sheria ambayo haijatungwa.

Kwa baba yako, msimulie kazi unayoifanya katika kamati hizo, kwa majina ya mitaa na ya mambo mliyoyaamua. Wazazi wetu wengi wanaogopa kwamba mtoto anahama kwa ajili ya starehe. Akikuona unashughulikia bei za nyumba za wazee na usalama wa watoto njiani, ataona malezi yake mwenyewe yakifanya kazi. Uamuzi ukiwa mgumu, bakia katika kamati. Zipo kazi za maana zisizodai uraia, na baadhi ya miji, kama Winooski na Montpelier huko Vermont, inawaruhusu hata wasio raia wenye ukaazi halali kupiga kura katika chaguzi za mji.

Ila hapo Massachusetts ulipo, kabla ya kuwa raia, usijiandikishe kupiga kura. Ukienda kutengeneza leseni ya udereva na karani akakuuliza kama unataka kuandikishwa, sema hapana, na uikague fomu kabla ya kusaini, kwa maana kupiga kura au kudai uraia usio nao, hata kwa kutoelewa fomu, kunaweza kukunyima uraia na kukurudisha nyumbani kwa nguvu. Ukishakula kiapo, jiandikishe mara moja, na upige kura katika kila uchaguzi, hata ule mdogo wa kamati ya shule ambao watu hawauendei. Hakuna anayeweza kujua ulimpa nani, lakini katika majimbo mengi kama ulipiga kura au hukupiga ni kumbukumbu inayoweza kusomwa, na mpinzani wako wa kwanza ataitafuta.